Shangazi na mkia wa "-itisi"

Shangazi alikuja Unguja kutoka Wete na cheti cha hospitali kimekunjwa mara nne, kakifunga kwenye ncha ya kanga. "Nisomee, mwanangu. Wameniandika nini?"

Athraitisi na gastraitisi. Nikamsomea kwa sauti.

"Mbona yanalingana mwisho? Hawa ndugu?"

Nilisoma bayolojia skuli miaka minne na swali hilo halikunijia hata siku moja.

Ndugu kweli. Mkia huo ni wa Kigiriki. Athroni ni kiungo, gasteri ni tumbo. Wagiriki wa kale waliposema "arthritis" walikusudia maradhi ya viungo tu. Baadaye madaktari wakaufanya mkia uwe na maana ya sehemu iliyovimba na kuwaka. Ukishaujua, hepataitisi haikutishi (hepari ni ini) wala nefraitisi (nefrosi ni figo). Nasi tunaosema mtoto, kitoto, jitoto bila kufundishwa na mtu, tulitakiwa tuwe wepesi zaidi wa kuyachambua maneno haya. Badala yake tunayameza mazima kama vidonge.

Chukua kichocho, maradhi yaliyowaandama watoto wa Unguja na Pemba vizazi na vizazi. Darasani tuliimba jina la mnyoo anayeyaleta, "Skistosoma hematobiamu", kama uradi, na aliyekosea herufi alikatwa alama. Hakuna aliyetwambia kwamba skistosi ni kilichopasuka na soma ni mwili: mnyoo dume ana mfereji mwilini, na jike hulala humo. Haima ni damu, biosi ni uhai. Minyoo hiyo huishi ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu, mayai yake yakapenya ukuta wa kibofu, na mtoto akakojoa damu. Kisa karibu chote kimo ndani ya maneno mawili, sisi tukapimwa kwa tahajia!

Wapo wanaotaka maneno haya yatupwe tubaki na ya kwetu. Kichocho kibaki, sibishani. Lakini cheti cha shangazi hakitasubiri kamusi mpya. Tena wenzetu nao wamechukua kwetu: chikungunya ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kujipinda kwa maumivu ya viungo, na limeingia vitabuni baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Hata daktari wa Athens hulitamka hivyo hivyo.

Na tonsilaitisi je? Chotara hiyo, kichwa Kilatini, mkia Kigiriki. Kwetu visiwani uchotara haumshangazi mtu.

Ninachotaka ni kidogo: mwalimu alipasue neno ubaoni kabla ya kulikaririsha, na daktari alipasue mbele ya mgonjwa. Haichukui hata dakika moja.

Shangazi alikirudisha cheti kangani, akanyamaza kidogo.

"Jirani yangu kule kaandikwa bronkaitisi," akasema. "Huyo naye kavimba wapi?"