Wanaoachia Kazi Mapema Tumewaelewa Vibaya

Ukikaa na watu wa muziki hapa Mbeya, iwe Mwanjelwa au Soweto, hutamaliza chai kabla hujasikia lawama hii: kazi za siku hizi zinatoka mbichi. Kijana anapigiwa biti jioni, usiku anaingiza sauti, kesho yake wimbo uko hewani. Wanaosema hivyo hawana chuki. Wengi ni watu walioipa sanaa umri wao, na wanaumia kweli wakisikia besi imemeza maneno, au ubeti wa tatu ambao dhahiri uliandikwa mlangoni mwa studio.

Hoja yao ina uzito. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na msanii wa Nyanda za Juu Kusini hana wa kumsemea kwenye kila redio. Mtangazaji akiufungulia wimbo wake akaukuta una makengeza, hatarudi kutafuta toleo lililosafishwa. Kumwambia msanii kama huyo akae na kazi yake mwezi mmoja zaidi ni kumtakia mema.

Lakini ushahidi tunaopenda kuutoa dhidi ya wanaoachia mapema unasema kinyume cha tunavyodhani.

Ushahidi wenyewe ni zilipendwa. Wazee hawakuwa na haraka, tunasema. Basi tutazame zilivyorekodiwa. Kwa miaka mingi studio ya kutegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilikuwa inaingia nzima, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, wanapiga kwa pamoja na mtambo unanasa. Mmoja akiteleza, mnarudia wote au kosa linabaki humo humo. Hakuna aliyerudi baada ya mwezi kubadilisha gitaa la solo. Ukipima kwa saa za studio, wazee wale walikuwa na haraka kuliko kijana yeyote wa Mwanjelwa. Subira yao ilikuwa ukumbini. Wimbo ulikuwa umeshapigwa mbele ya wachezaji wiki baada ya wiki. Pale watu walipoanza kurudi vitini, ubeti ulifupishwa. Pale waliposhangilia, kiitikio kilirudiwa. Wakiingia studio walijua wimbo umekwisha, kwa sababu watu walikuwa wameshawaambia.

Anayekaa miezi na kompyuta anaambiwa na nani? Wako yeye na prodyuza wake, masikio yale yale yaliyochoka. Wimbo ukishausikia mara mia, huwezi tena kutofautisha badiliko lililoongeza kitu na badiliko lililokufurahisha kwa sababu tu ni jipya.

Kwa kwaya hasara ni kubwa zaidi, na hapa naomba nikae kidogo, maana huku kwetu kwaya ndiyo bendi ya kila kijiji. Chukua kwaya ya usharika mmoja upande wa Rungwe. Wanakwaya ni wakulima wa chai na ndizi, walimu, mafundi cherehani, wanafunzi wa kidato cha nne. Nyimbo nane zimeiva, zimeimbwa ibadani mwaka mzima, waumini wanaitikia bila kuongozwa. Michango imepatikana, studio imelipwa, sauti zimeingizwa. Ndipo mwalimu wa kwaya anaposema sauti ya pili kwenye wimbo wa tano haijakaa sawa, turudi. Na kweli haijakaa sawa. Lakini Novemba imefika, mvua imeanza, watu wako shambani. Wanapokuja kukutana tena baada ya mavuno, dada aliyeuongoza wimbo ule ameolewa Vwawa. Kijana mmoja wa sauti ya tatu amemaliza shule, anasimamia duka Tunduma. Wanaingizwa wengine. Sasa wimbo wa tano haulingani na saba zilizobaki, kwa hiyo nazo zirudiwe. Fedha imekwisha, michango mipya inaitishwa, na waliochanga mara ya kwanza wanaanza kuuliza maswali baada ya ibada.

Fedha bado ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni nyimbo ambazo hazitungwi. Mwalimu mwenye albamu isiyokwisha kichwani hatungi. Kila jioni ya mazoezi ni nyimbo zile zile nane, na mazoezi yanageuka ukarabati. Vijana wanaanza kupungua mmoja mmoja, kwani hakuna aliyejiunga na kwaya ili aje kurekebisha wimbo wa miaka mitatu iliyopita. Na watu wale thelathini, kwa namna walivyoimba pamoja mwaka ule, hawatakutana tena. Sauti yao ya pili iliyoyumba kidogo ilikuwa sauti yao. Kwaya itakayorekodi baadaye, hata kama jina na sare ni zile zile, ni kwaya nyingine.

Wasusi wa vikapu vya milulu, zile nyasi za kusukia, kule Iringa wana bahati ambayo watu wa kompyuta hawana. Milulu yenyewe inafika mwisho. Msusi anazikunja ncha, anazifungia ukingoni, anakata zinazochomoza, halafu anapitisha kiganja ndani kusikia kama kuna kinachokwaruza. Kisipokwaruza, kikapu kinaenda sokoni. Mstari wa rangi ukiwa umeenda upande kidogo anauona kabla yako, na hafumui. Atauweka sawa kwenye kikapu kingine, ambacho milulu yake imeshaanikwa nyuma ya nyumba.

Wapo wanaonijibu kwa kumtaja Leonardo da Vinci, aliyeanza kuchora Mona Lisa mwanzoni mwa karne ya 16, akafa mwaka 1519 bila kuikabidhi. Mwanamume wa Florence ambaye inaaminika aliagiza picha hiyo ya mkewe hakuipata. Na miaka ya mwisho Leonardo alikuwa anatunzwa na mfalme wa Ufaransa. Kwaya ya Rungwe inatunzwa na bahasha za waumini.

Mfano unaonipa kazi zaidi ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake A Grain of Wheat ilitoka mwaka 1967, naye akaitoa upya mwaka 1986 ikiwa na marekebisho. Mtu anaweza kusema: unaona, haikuwa imekwisha. Mimi natazama mpangilio wa mambo. Kitabu kilitoka kwanza. Wasomaji wakakaa nacho, wakakipenda na kukipinga, yeye akaandika vingine, na fikra zake kuhusu nchi yake na ukombozi wake zikasogea. Aliyekirudia baada ya miaka 19 alikuwa mtu aliyekomazwa na vitabu vilivyofuata. Angekifungia kabatini ili kiive, asingempata mtu huyo wa kuja kukirekebisha.

Siwatetei wanaoachia chochote kinachokuja. Wimbo wenye neno la kumdhalilisha mtu, kitabu cha watoto chenye hesabu mbovu, wimbo wa ibada wenye mafundisho yaliyopinda, hivi visitoke mpaka vinyooshwe, hata ikichukua mwaka. Na wimbo ambao haujaimbwa mbele ya mtu yeyote, hata ukiwa umekaa studio miezi sita, mimi nauhesabu mbichi.

Kwa kwaya zetu ningeomba tarehe ya uzinduzi itangazwe kanisani kabla ya siku ya kwanza ya studio, iwe Agosti au Septemba, mavuno yakiwa yamekwisha na mvua haijaanza. Mwalimu apewe siku moja ya kurudia anachotaka kurudia. Wimbo ambao bado utamkera baada ya hapo utolewe kwenye albamu hiyo, uendelee kuimbwa Jumapili, na uwe wa kwanza kuingizwa studio mwaka unaofuata.