Shilingi Hamsini kwa Kila Nyumba

Jirani yangu ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban laki moja waliopewa mikoba ya kazi baada ya rais kuzindua mpango huo katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, mnamo Septemba 2023. Mkobani mna mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani ya watoto na ule utepe wa rangi unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo.

Amegawiwa nyumba kama mia moja. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi: 2,500 zatoka serikali kuu na 2,500 kaunti. Ukigawanya, kila nyumba inahudumiwa kwa shilingi 50 kwa mwezi, na kwa watu laki moja nchi nzima yatumia takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Mimi naziona fedha hizo kuwa chache mno kwa kazi inayofanywa.

Siku moja nilimkuta akimpima mzee aliyeshikilia kwamba ni uchovu wa shamba tu. Alimpima, akasubiri, akampima tena, kisha akamwita kijana wa bodaboda ampeleke mzee zahanati, na nauli akaitoa mfukoni mwake. Wakati huo nusu ya posho inayotoka kaunti ilikuwa haijaingia kwa miezi minne, na betri za ile mashine alikuwa amezinunua mwenyewe. Vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha zamani, na kipimo bila vijiti hakimsaidii mgonjwa yeyote.

Wapo wanaosema kwamba kujitolea kukilipiwa si kujitolea tena, na hutukumbusha harambee. Naiheshimu hoja hiyo, kwa maana shule niliyosomea ilijengwa kwa harambee. Lakini katika harambee mtu hutoa mfuko wa saruji au nguvu za siku moja, akarudi kwenye shughuli zake. Mhudumu huyu, ambaye mara nyingi ni mwanamke mwenye kibanda cha mboga au shamba lake la kulima, anadaiwa ziara wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2018 lilipendekeza wahudumu wa aina hii walipwe kulingana na kazi wanayofanya. Kwa miaka mingi kabla ya hapo tuliwaachia wafadhili jukumu hilo, na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi huduma inavyoyumba pale fedha zake zinapoamuliwa ng'ambo.

Shida kubwa, kwa maoni yangu, ni kuwa na walipaji wawili. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti sehemu kubwa ya huduma za afya, kwa hiyo ni haki kaunti ichangie. Lakini mgao kutoka Hazina ya Taifa ukichelewa, kaunti hulipa kwanza mishahara ya walioajiriwa, na wa kujitolea husubiri, kwa kuwa hana barua ya ajira wala chama cha kumtetea. Ningependa mchango wa kaunti uwekwe katika fungu lake lisiloguswa kwa kazi nyingine, uunganishwe na ule wa serikali kuu, na posho yote itumwe kwenye simu ya mhudumu kwa pamoja, tarehe moja kila mwezi, huku betri na vijiti vikipangiwa bajeti pamoja na dawa za zahanati.

Kaunti yetu itakapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nitahudhuria. Nitaomba nionyeshwe fungu la wahudumu hawa liko ukurasa gani, na nitauliza hizo 2,500 zitalipwa tarehe ngapi.