AFCON 2027: Nauli Iwe Ndani ya Tiketi

Tukizungumzia michezo na mazingira, tunakimbilia chupa za maji na kupanda miti. Sipingi. Kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, watani wa jadi Simba na Yanga wakimaliza mechi, chupa hutapakaa chini ya viti na vijana huziokota wakizishindilia kwenye viroba wakauze kwa kilo. Vijana hao wanastahili ajira rasmi AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, itakapokuja Kenya, Tanzania na Uganda.

Lakini kwenye mashindano makubwa, hewa ukaa nyingi hutokana na safari. Ndege za timu na wageni hatuwezi kuzizuia. Foleni ya kwenda uwanjani tunaiweza. Siku ya mechi kubwa Barabara ya Kilwa inajaa tangu mchana: gari dogo lina mtu mmoja, Coaster za matawi ya mashabiki zimesimama, bodaboda zinapenya, injini zote zinawaka na hakuna anayesogea.

Kwenye Euro 2024, Ujerumani, mwenye tiketi ya mechi alipanda mabasi na treni za mjini bila kulipa tena, kwa saa 36. Ndicho ninachotaka tukifanye. Dar tuna njia ya mabasi ya mwendokasi inayopita hiyo hiyo Barabara ya Kilwa, si mbali na uwanja. Tuna SGR, treni ya umeme inayokwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024. Ila shabiki wa Morogoro ataacha gari nyumbani pale tu atakapohakikishiwa treni ya kumrudisha usiku mechi ikiisha. Akikosa uhakika huo, atakuja na gari lake, na simlaumu.

Na watu watahamasishwa na nani? Wasemaji wa klabu! Msemaji akitangaza Jumamosi tunakwenda na mwendokasi, tunajaza mabasi kwa nyimbo, jezi zitaonekana kila kituo. Hakuna wizara yenye mvuto huo. Kenya, mwanariadha wa marathoni Eliud Kipchoge anasikilizwa anapoutetea msitu wa Kaptagat kwa sababu ndiko anakofanyia mazoezi. Watu wanajua hasemi jambo la kuambiwa.

TFF, FKF na FUFA, mashirikisho ya soka ya Tanzania, Kenya na Uganda, wakae na wenye mabasi na reli sasa hivi. Bei za tiketi zikipangwa, nauli iwemo, kabla mashabiki hawajaanza kuchangishana mafuta ya gari.