Mgongo Wangu na Washauri Wake

Siku hizi kila mtu anayekutana na mgongo wangu ana ushauri wa kuupa. Kondakta wa daladala ya Mwanakwerekwe, akiniona ninavyoshuka kwa awamu, mguu kwanza, kisha nyonga, kisha mwenyewe, hunihimiza nikandwe kwa mafuta ya karafuu. Jirani yangu wa barazani anataka nilale sakafuni. Shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kukaa dukani na kutazama simu, amekwisha kuamua kwamba tatizo langu ni kitambi. Wote hao nawasikiliza kwa adabu, kwa sababu mtu aliyeinama hana budi kuonekana mnyenyekevu, lakini mpaka leo hajatokea hata mmoja aliyeniuliza huko kazini kwangu kuna nini.

Basi nitasema bila kuulizwa. Mimi ni karani wa ghala, si mbali na bandari ya Malindi, hapa Unguja. Kwa maandishi, kazi yangu ni kuandika: mchele umeingia, sukari imetoka, unga umeloa. Kwa vitendo, hamali mmoja akikosekana, kalamu huwekwa sikioni na karani huingia chini ya gunia. Gunia la mchele lina kilo 50. Wapo wataalamu wa Marekani, katika taasisi ya serikali yao inayotafiti usalama na afya kazini, waliopiga hesabu wakaona kwamba hata pale mambo yote yanapokuwa sawa, mzigo uko karibu na mwili, una pa kushikia, na anayeubeba hajipindi, uzito wa kuinuliwa kwa mikono usizidi kilo 23. Habari hiyo nilimpelekea hamali wetu mkongwe, mzee aliyeanza kubeba mizigo bandarini mimi nikiwa bado skuli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta jasho kwa ncha ya kikoi, akasema, "Kilo 23, karani? Hilo si sanduku la mtalii hilo? Na lenyewe lina magurudumu."

Tajiri wetu ni mtu mwenye huruma, hasa huruma isipogharimu kitu. Alipoona wafanyakazi wake wanazidi kushika viuno, alituletea mshauri wa afya atupe semina. Mshauri alitufundisha kuinua mzigo: mtu apige magoti, asikunje kiuno, mgongo auweke wima, mzigo aukumbatie, na akitaka kugeuka ageuke kwa miguu. Mafunzo hayo ni sahihi na sina ubishi nayo. Ubishi wangu ni wa nafasi. Njia iliyobaki baina ya safu ya mchele na safu ya sukari ni nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga magoti kama alivyofundishwa, makalio yake hugonga sukari kabla mikono haijafika kwenye mchele, na safu ya sukari ikigongwa huwa na majibu yake. Nilimpeleka mshauri pale pale, nikamwomba aniamulie nikunje kiuno au niangushe sukari. Alipima kwa macho, akarudi nyuma hatua mbili, akaniambia nichukue tahadhari.

Hiyo tahadhari ndiyo iliyonikera. Nilikuja kusoma baadaye kwamba wenye elimu hii wana mpangilio wao unaojulikana. Kwanza hatari yenyewe iondolewe. Ikishindikana, ibadilishwe kwa kitu chenye madhara madogo zaidi. Ikishindikana, mashine au kizuizi kisimame baina ya mtu na hatari. Halafu ndiyo zije taratibu za kazi na mafunzo. Na mwisho kabisa, wakati kila kitu kimeshafikiriwa, ndipo mtu apewe glovu, kofia na barakoa. Ghalani kwetu mpangilio huo ulipokewa kichwa chini miguu juu. Sisi huanza na glovu, glovu zikitoboka tunahamia kwenye tahadhari, na tahadhari ikitoboka tunaambiwa tumwombe Mungu, jambo ambalo tulikuwa tukilifanya hata kabla ya semina.

Toroli tunalo. Tairi lake moja limekufa tangu kabla ya Ramadhani, na kila nikilikumbusha najibiwa kwamba hesabu hazijakaa vizuri. Lakini bango la "Usalama Kwanza", la plastiki, rangi mbili, lenye picha ya mzungu aliyevaa kofia ngumu huku akicheka, lilichapishwa kwa siku moja na likalipiwa taslimu. Limetundikwa juu ya toroli. Kofia ngumu yenyewe tunayo moja, na hukaa kabatini pamoja na majani ya chai mpaka mkaguzi aonekane mlangoni, ndipo huvishwa yeyote aliye karibu. Mara ya mwisho aliivaa mtu aliyekuja kudai pesa zake za unga.

Na si kwamba hatuna sheria. Zanzibar tuna sheria yetu ya usalama na afya kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na huko Geneva mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kutotumikishwa kwa nguvu. Habari hiyo haijafika ghalani. Labda imo ndani ya kontena, inasubiri kushushwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba nikirudi kwenye kazi yangu halisi ya kuandika, mgongo hupumzika. Kompyuta yangu haina meza. Imewekwa juu ya katoni za nyanya ya kopo, na katoni hizo ni bidhaa. Mshauri alieleza kwamba ukingo wa juu wa kioo unapaswa kuwa usawa wa macho, na asubuhi ile ulikuwa hivyo kweli, nikasifiwa mbele ya wenzangu. Adhuhuri alikuja mteja wa Darajani akataka katoni mbili. Tangu hapo shingo yangu imekuwa ikifuata soko: mzigo ukiingia natazama juu kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi, na ukikaribia mfungo, watu wakinunua mpaka vumbi, naandika hesabu kidevu kikiwa kifuani. Nimeshauri ninunuliwe meza. Nimeambiwa nyanya nazo hazitakaa sana.

Halafu kuna joto. Ghala limeezekwa kwa mabati, na msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, saa nane za mchana ndani ya ghala si saa za kumsimulia mtu. Ushauri wa wataalamu kwa anayefanya kazi nzito kwenye joto ni kunywa kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 au 20, hata kama hana kiu, na kupumzika kivulini. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye maji yake yana mahali pa kwenda. Choo chetu kimefungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa kwa mlinzi, na mlinzi huyo ni mcha Mungu ambaye huwahi jamaa kwa kila sala, kisha hukaa msikitini kusikiliza darsa. Matokeo yake ni kwamba watu wazima wenye wake na wajukuu hupanga kiu yao kwa kufuata vipindi vya sala, na anayebanwa katikati hukimbilia mgahawa wa jirani, ambako lazima anunue kitu ndipo aruhusiwe kupita. Mimi nimenunua bajia nyingi kwa njia hiyo.

Bajia zikanifikisha kwenye presha. Mwisho wa semina tulipimwa, na yangu ikavuka 140 kwa 90, ambayo ndiyo mipaka. Muuguzi, binti mpole mwenye sauti ya kumwonea mtu imani, akaniambia, "Baba, chumvi yako ya siku nzima isifike gramu 5, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai, na uhesabu pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vya kukaanga." Nikamwuliza kama urojo unahesabika. Alinitazama kwa huzuni. Ukweli ni kwamba ukitoka nje ya ghala letu wakati wa chakula, utakuta urojo, chapati, kachori na chipsi, na muda wenyewe unatosha kula wima. Akanishauri nibebe chakula kutoka nyumbani. Nikalifikisha shauri hilo kwa mama watoto, ambaye ni mwalimu na huingia skuli kabla mimi sijapata daladala. "Baba watoto," akasema, "muuguzi kakwambia ubebe, au kakwambia nipike?" Akanionyesha lilipo jiko.

Tukaambiwa pia tufanye mazoezi, angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho. Hapo nilisimama kwa fahari, nikasema kwamba mimi kutwa natembea na jasho ninalo la kugawa. Mshauri akatikisa kichwa. Wapo watafiti wa Denmark waliochapisha mwaka 2021, baada ya kuwafuatilia watu wengi kwa miaka, kwamba wanaojishughulisha sana wakati wa mapumziko hupatwa kidogo zaidi na maradhi ya moyo, lakini wanaojishughulisha sana kazini hupatwa zaidi. Kumbe moyo una habari kama matembezi ni yake au ni ya tajiri. Kwa hiyo napaswa nikishateremka kwenye daladala magharibi, nivae raba nitembee tena, safari hii kwa niaba yangu mwenyewe, mbele ya watu wa barazani ambao wataanza kuuliza nani kafa.

Kuhusu saa za kazi mshauri alipita haraka, nadhani kwa sababu tajiri alikuwa amekaa mstari wa mbele. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi walitoa hesabu zao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 mpaka 40. Kwetu meli ikitia nanga wiki haina idadi ya saa. Tunashusha mpaka alfajiri, na asubuhi karani anatakiwa awe amenyoa.

Sisemi kwamba ni sisi wa ghala tu. Binamu yangu wa Pemba hupanda mikarafuu mirefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, akiegemea matawi ambayo kila mchumaji anajua yanavunjika bila kuaga, na ushauri anaopewa ni awe mwangalifu. Mkewe wa kaka yangu, aliye Paje, hushinda kwenye maji ya chumvi ameinamia kamba za mwani, macho yakimwasha kwa jua linalorudi kutoka majini na miguu ikichomwa na miiba, naye ameambiwa avae viatu. Viatu amevinunua mwenyewe.

Sasa mkaguzi ametuagiza tuwe na daftari la ajali, na daftari nimekabidhiwa mimi kwa kuwa nina mwandiko. Tajiri alilichapisha yeye mwenyewe, lina safu za tarehe, jina, kiungo kilichoumia, na safu ya sababu ya ajali, ambayo ili kuniondolea kazi ameijaza kabisa kwenye kila mstari wa kila ukurasa: "Uzembe wa." Mimi nimebakishiwa jina tu. Juzi usiku, ghala likiwa limefungwa na hakuna mtu ndani, safu ya sukari ilianguka yenyewe, ikafunika toroli na bango pamoja. Asubuhi tajiri alitaka iandikwe mara moja kabla mkaguzi hajapita. Nikamwuliza niandike uzembe wa nani. Akasema karani ni mimi, nitafute. Nikazunguka ghala zima, nisimkute kiumbe ila paka wa bandarini aliyelala juu ya mchele, basi nikaandika uzembe wa paka, kwa hati nzuri, na tarehe. Tajiri alisoma, akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza kama paka huyo alihudhuria semina.