Darubini ya Bunduki Katika Miombo: Ukuzaji Mkubwa au Uwanja Mpana?

Msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa nchini Tanzania mwezi Julai, baadhi ya wageni hufika vitaluni, yaani kwenye maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji, na bunduki zilizofungwa darubini zinazokuza taswira mara 18 au hata 24. Imani yao ni kwamba anayeona vizuri zaidi hulenga vizuri zaidi. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake unategemea mahali mwindaji aliposimama.

Upande wao una hoja nzito. Palahala anayelisha ukingoni mwa mbuga iliyo wazi, mita 250 kutoka kwenye kichuguu cha karibu, hulengwa kwa uhakika zaidi anapoonekana mkubwa na mstari wa bega lake ukiwa bayana. Risasi iliyopotoka kidogo humjeruhi mnyama, naye huondoka na maumivu yake vichakani. Zaidi ya hayo, mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kuwa amewindwa hata asipopatikana. Chochote kinachopunguza majeruhi kinastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya vitalu vya kusini na magharibi ni misitu ya miombo, na humo nyati hufuatwa kwa nyayo tangu alfajiri hadi aonekane, mara nyingi chini ya mita 80, akiwa nusu nyuma ya shina la mti. Kwa umbali wa mita 60, darubini iliyowekwa mara 18 humwonyesha mwindaji eneo lisilozidi mita moja na nusu, yaani ngozi nyeusi tupu, bila kujua kama ni bega au paja, wala kama ni dume aliyechaguliwa au jike lililosimama mbele yake. Wakati anapunguza ukuzaji, kundi limekwisha kutimua mbio. Isitoshe, kinachokuzwa si mnyama peke yake: mtetemo wa mikono ya mtu aliyetembea saa tano hukuzwa pia, pamoja na mawimbi ya joto yanayopanda ardhini kuanzia saa nne asubuhi.

Wapo wanaosema kwamba ukuzaji mkubwa husaidia kutambua umri wa dume. Hapa siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Kuchunguza kama pembe za nyati zimeshikamana na kukomaa katikati ya paji ni kazi ya darubini ya shingoni, ile ya macho mawili isiyofungwa kwenye bunduki. Anayeifanya kwa darubini ya bunduki anaelekeza mtutu wenye risasi kwa kitu asichokijua bado, na huenda kitu hicho kikawa mtu.

Suala la mwanga ni gumu zaidi. Kipenyo cha kioo cha mbele kikigawanywa kwa ukuzaji hutoa upana wa mwanga unaoingia jichoni: milimita 50 kwa mara 24 ni takriban milimita 2, ilhali milimita 24 kwa mara 4 ni milimita 6. Kwa hiyo kioo kikubwa peke yake hakiangazi kitu. Lakini kwa chui anayekuja kwenye chambo jua likizama, kioo cha milimita 40 chenye nukta inayowaka humpa mwindaji dakika chache za thamani, na hapo darubini ndogo huzidiwa.

Kwa bunduki ya .375 (kipenyo cha risasi yake kwa inchi) itakayobebwa miomboni, ningechagua darubini ya mara 1 hadi 6, iliyofungwa kwa vishikizo vinavyofunguka kwa mkono, ili alama za chuma juu ya mtutu zitumike nyati aliyejeruhiwa anapofuatwa kichakani. Wawindaji bingwa wengi huzipendelea alama hizo, ingawa macho ya mtu aliyevuka miaka 50 huziona kwa shida. Nafasi kati ya jicho na kioo iwe walau sentimita 9, kwa kuwa bunduki hiyo hurudi nyuma kwa nguvu ya kuchana nyusi. Na baada ya safari ya ndege na barabara mbovu, darubini yoyote, ya bei yoyote, ijaribiwe kambini kwa risasi tatu kabla ya kuingia porini.