Ndugu Array, Tunakusalimu

Mkuu wetu ni mwanachama namba 1, na hakuna anayeruhusiwa kulisahau hilo.

Programu yetu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, huunganisha orodha za makundi yote ya chama kabla ya kutuma ujumbe wa simu, kila mtu akiwekwa chini ya namba yake ya uanachama. Aliyeiandika, siku hizi hapatikani, alitumia `$yote = $yote + $kundi` ndani ya mzunguko, yaani amri inayorudiwa kwa kila kundi. Kila kundi likija, orodha nzima inanakiliwa upya. Makundi yakaongezeka, programu ikawa inajikokota.

Mwenzangu, kijana asiyejua kusita, akasema, "Kaka, hii kazi ya mstari mmoja." Akaandika `array_merge(...$makundi)`, amri inayounganisha makundi yote kwa mpigo. Ikaruka kweli.

Ila array_merge haiheshimu funguo za namba, yaani zile namba za uanachama ambazo kila mtu amewekwa chini yake. Inazipanga upya kuanzia 0. Mkuu akaingia ameshika simu kama mtu aliyeokota nyoka. "Chama nimekianzisha mimi. Leo nimekuwa sifuri?"

Kuzitia namba alama za nukuu hakusaidii: PHP ikiona ufunguo "1" inaugeuza kuwa namba palepale. Mwenzangu akatanguliza herufi, M1, M2, halafu, kwa sababu anazozijua yeye na Mungu wake, akaleta array_merge_recursive. Hiyo ikikuta ufunguo uleule mara mbili haichagui, inabeba vyote. Na mkuu yumo katika kila kundi! Jina lake likawa orodha ya majina, na PHP ikilazimishwa kuandika orodha kama maneno, huandika neno moja tu, lile la Kiingereza la aina hiyo ya orodha. "Ndugu Array, M1, tunakusalimu." Onyo lilitolewa, lakini maonyo yalizimwa zamani kwa kuwa yanapiga kelele.

Mhasibu akauliza huyo Array alijiunga lini, mbona hajalipa kiingilio.

Ikaja array_replace. Funguo salama, majina salama, kasi ileile. Tukapeana mikono. Kumbe `+` humbakiza aliyetangulia, array_replace humpa kiti anayekuja mwisho, na kundi la mwisho lilikuwa na namba ya simu ya zamani ya mkuu.

Dawa ilikuwa kusogeza alama moja tu: `$yote += $kundi`. Hainakili kila kitu upya, haigusi funguo. Tukiwa bado tunaijaribu, likaingia jibu kutoka ile namba ya zamani: "Mimi siye mkuu wenu, ila kama cheo kiko wazi, niko tayari."