Mshenga Aliyelalia Mahari

Siku ya kupeleka mahari ya mtoto wa kaka yangu, mshenga nilikuwa mimi, na bahasha ya fedha ilikuwa katika mfuko wa suruali yangu. Jioni, wazee wakiwa wamekwisha kupanda Hiace iliyokuwa ikinguruma nje, niliomba dakika tano niingie chumbani nivue shati lililolowa jasho, nivae kanzu.

Nililivua, nikalitundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango, mahali linapotundikwa kila usiku. Suruali ikafuata. Bahasha nikaisukuma chini ya mto, kama nifanyavyo na pochi, kisha nikajifunga msuli, nikazima simu na kuiweka kwenye chaji, nikashusha chandarua na kuzichomekea ncha zake chini ya godoro, pembe kwa pembe, nikianzia ile ya ukutani kwa sababu ndiyo inayosumbua. Kanzu iliyopigwa pasi ilikuwa imening'inia dirishani, ikinitazama. Nikalala.

Kinachoniaibisha zaidi ni kazi yangu. Mwezi ule nilikuwa ninasaidia kuandika programu ya kompyuta inayoiga jinsi watu wanavyokumbuka na kutekeleza shughuli zao za kila siku. Programu za aina hiyo, kama ile aliyoiendeleza John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, hutumia kanuni za "ikiwa" na "basi": ikiwa shati limetundikwa, basi jifunge msuli, ikiwa msuli umefungwa, basi shusha chandarua. Shughuli mbili zikianza kwa hatua moja, ile iliyozoeleka huweza kuiteka nyingine njiani, hasa mwenyewe akiwa na mawazo mengine, na mimi wakati huo nilikuwa ninakariri maneno ya kuwaambia wakwe. Mwanasaikolojia Donald Norman aliueleza utekaji huu mwaka 1981, na kabla yake, mwaka 1890, mwanasaikolojia mwingine, William James, alikwisha kuandika juu ya watu walioingia chumbani kubadili nguo kwa ajili ya chakula cha jioni wakaishia kitandani. Ugonjwa huu, basi, ni wa zamani, ingawa sijasoma popote kwamba wenzangu hao walikuwa wamelalia mahari ya mtu.

Niliamshwa na taa. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa mlangoni, sauti ikimtetemeka: "Baba mdogo, unaumwa?"

Mke wangu, aliyekuwa nyuma yake, alikizunguka kitanda kwa macho, akaona zile pembe nne zilivyobana. "Haumwi huyu," alisema. "Mgonjwa hachomekei chandarua."

Tulifika ukweni tumechelewa saa nzima, tukatozwa faini ya shilingi 50,000 kabla hata ya kukaribishwa kuketi. Wazee wetu wakanigeukia. Kwa kuwa sikuwa na utetezi mwingine, niliwanong'oneza habari za kanuni, tangu shati hadi chandarua, na baba mkubwa akanisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho.

"Na hii ya faini," aliuliza, "katika programu yako mmeiandikaje?"

Nikamwambia hatujafika huko.

"Andika sasa hivi," alisema, akininyooshea kiganja. "Ikiwa mshenga amelala, basi mshenga analipa."